Mguu wa Nne

Kwaaa.

Mara moja tu. Msumeno juu ya mbao, mkwaruzo mmoja mrefu, kisha kimya. Niliamka, nikasubiri wa pili. Mtu anayekata mbao hakati mara moja akaacha. Wa pili haukuja. Nikajifunika shuka, nikamlaani kaka yangu kimoyomoyo, nikalala tena.

Siku hizo kila kilichotunyima usingizi pale nyumbani kilikuwa cha kaka na meza yake.

Marehemu Baba alikuwa seremala. Nusu ya mtaa wetu ililala kwenye vitanda vyake na kula kwenye meza zake. Sisi wanawe tulikula mkekani. Nyumba ya fundi, na haikuwahi kuwa na meza. Watu walimtania, naye alicheka kwa mdomo tu. Macho hayakucheka.

Baba alipofariki, magoti ya Mama yalikataa mkeka. Akawa anachukua sahani yake, anaingia chumbani, anafunga mlango, anakula amekaa ukingoni mwa kitanda. Sahani ikawa inarudi nusu. Baadaye ikawa inarudi karibu kama ilivyokwenda. Nguo zikaanza kumning'inia. Daktari alimpima kila kitu, akatuita pembeni.

"Damu nzuri, moyo mzuri. Lakini msimwache ale peke yake. Akiendelea hivi mtampoteza."

Kaka akanunua meza ya plastiki. Mama aliiona toka mlangoni.

"Itoeni."

"Mama, ni meza tu."

"Nimesema itoeni."

Ikatoka. Kaka alikaa barazani usiku huo ameshika kichwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu asiyeamini kwamba kuna swali lisilo na jibu. "Mimi ndiye kifungua mimba wa nyumba hii," aliniambia. "Mama ni mzigo wangu. Nitamtengenezea meza kwa mbao za Baba mwenyewe. Hiyo atawezaje kuikataa?"

Mbao zilikuwa nyuma kabisa ya stoo, zimefungwa kwa turubai na kamba. Fundo lilikuwa gumu mno, ikabidi alikate. Ndani mlikuwa na miguu minne ya meza iliyokwisha kupigwa randa, laini kama shavu, na mbao nne pana za juu. Upande wa ndani wa kila mguu palikuwa na mstari wa penseli na msalaba mdogo kando yake.

"Nini hiki?" niliuliza.

"Uchafu," alisema kaka. Alikuwa tayari ameshafungua video kwenye simu. Video ilisema meza ya kulia ina kimo cha inchi thelathini. Basi ikawa thelathini.

Mama alipita mlangoni pa stoo, akaliona turubai limefunguliwa. Alisimama kama mtu aliyepigwa kibao. Siku hiyo sahani yake ilirudi bila kuguswa.

Video yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili. Kaka ilimchukua wiki mbili. Skrubu zilipinda. Gundi ilimshika vidole, wifi akambandua kwa maji ya moto huku akicheka. Alipima mara tatu, na bado akakata pasipotakiwa. Kila jioni alitoka stoo na vumbi la mbao kwenye nyusi na plasta mpya mkononi.

Jumamosi moja akamaliza. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa: mimi naanika nguo, wifi anasuka nywele zake mlangoni, jua limetulia. Kaka akatuita. Aliweka glasi ya maji katikati ya meza, imejaa mpaka ukingoni, akaisukuma meza kwa kiuno. Hata tone halikumwagika.

"Mbao haina siri, dada yangu. Ni hesabu tu."

Akaiacha stoo vanishi ikauke. Usiku huo ndio niliosikia ule mkwaruzo.

Asubuhi meza ilikuwa imeinama kama mtu anayesujudu. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Kaka aliupima. Ulipungua inchi mbili kamili, na palipokatwa pamenyooka, safi, hapana hata unyuzi. Sakafuni palikuwa na unga wa mbao. Kipande chenyewe hakikuwepo.

"Nani kaingia humu?"

Wifi akaweka mikono kiunoni. "Ndiyo, mume wangu. Niliamka usiku wa manane nikakata mguu wa meza, kisha nikarudi kukukumbatia."

"Sitanii!"

"Na mimi sitanii. Ulikosea kupima. Kubali yaishe."

Kaka hakukubali. Lakini meza ilikuwa lazima isimame. Akafanya analofanya kila anayejifunza: akakata miguu mitatu iliyobaki ilingane na ule mfupi. Ishirini na nane. Akaweka glasi ya maji, ikatulia. Akafunga stoo.

Kwaaa.

Ishirini na sita.

Sasa alifunga kwa kufuli, na ufunguo akalala nao mfukoni. Msumeno aliuweka chini ya godoro lake. Niliusikia tena mkwaruzo ule ule, mmoja, mrefu, hauna haraka. Nilisikia na kitanda cha kaka kikilia, kwa hiyo yeye pia alikuwa macho. Hakuna aliyeinuka.

Ishirini na nne.

"Mwalimu," jirani alimtania ukutani, "hiyo meza inapungua, au sisi ndio tunarefuka?"

Kaka akampa mgongo. Alikuwa ameanza kuzungumza peke yake. Alipekua ndoo ya mabaki, akavipanga vipande barazani, akavihesabu kwa sauti. Kila siku alikata vitatu. Siku tatu, vipande tisa. Na tisa vilikuwepo.

"Na cha nne kila siku kinakwenda wapi?" alinong'ona. "Kinakwenda wapi?"

Kisha akanigeukia mimi na penseli mkononi, amefura kwa hasira.

"Na wewe mtu mzima umeanza kutafuna penseli zangu kama mtoto wa chekechea!"

"Sijagusa penseli yako."

"Hii ya tatu! Tazama!"

Nikatazama. Kitako cha penseli kilikuwa kimetafunwa kweli. Nilitaka kumrudishia maneno yake. Nikashindwa. Alama za meno zilikuwa ndogo mno. Na katikati, mbele, palikuwa na pengo.

Wakati huo Mama alikuwa hali kabisa. Anakunywa chai tu, tena nusu kikombe. Nilipompelekea uji alikuwa amekaa kitandani anaelekea ukuta, mkono mmoja juu ya kifuniko cha sanduku lake la nguo, kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Mwambie kaka yako aache," alisema.

"Anakutengenezea wewe, Mama."

"Najua anamtengenezea nani."

Nilidhani ni udhaifu wa njaa unasema.

Usiku wa nne: kwaaa. Ishirini na mbili. Asubuhi kaka aliinyanyua meza, akataka kuipasua kwa shoka. Wifi akamshika mkono, safari hii hakuwa na utani. Mimi nikakimbia kumwita Fundi.

Fundi alikuwa mshirika wa Baba miaka yote, mzee wa mikono mipana, penseli haikosi nyuma ya sikio lake. Aliingia stoo, akaiona meza, akavua kofia. Hakuuliza nani kakata. Aliinama, akaipindua miguu juu, akapitisha kidole upande wa ndani. Mstari wa penseli ulikuwa bado upo kwenye kila mguu, na msalaba wake mdogo. Sasa kutoka ncha ya ule mguu mfupi mpaka kwenye mstari palibaki inchi mbili tu.

"Hii alama unaijua, mwalimu?"

"Uchafu."

"Ni mkono wa baba yako. Maana yake, kata hapa." Fundi aligonga mstari kwa kidole. "Inchi ishirini. Meza hii haikupimwa kwa mtu mzima. Umeshika mbao za mtu na kuzipa kimo chako."

"Ilipimwa kwa nani?"

Fundi alivaa kofia yake. Akaivua tena.

"Nilimwapia baba yako. Kamuulize mama yako."

Tukaenda sote wanne. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, redio ya jirani inasoma bei za mazao. Kaka alifunga stoo kwa kufuli, akaingiza ufunguo mfukoni, akagonga mlango wa Mama.

"Mama. Ile meza Baba alikuwa anamtengenezea nani?"

Akagonga tena.

"Mama, nimechoka! Mikono yangu yote ina vidonda. Hulali, huli, unakufa mbele ya macho yangu, nami sijui nimekosa nini. Niambie!"

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Hakutuangalia. Alirudi kwenye sanduku, akainua kifuniko.

Juu ya nguo zake palikuwa na vipande vinne vya mbao. Inchi mbili kila kimoja. Vimepandanishwa kimoja juu ya kingine, vizuri, kama mnara anaojenga mtoto.

"Kila asubuhi nakikuta kimoja kwenye mto wangu," alisema Mama. "Baba yenu alikuwa akikata mbao, vipande anampa yeye. Ndivyo vilivyokuwa vitu vyake vya kuchezea."

"Yeye nani?" kaka aliuliza.

"Wewe si kifungua mimba, mwanangu. Wewe ni wa pili."

Kaka akashika fremu ya mlango.

Mama alisimulia huku akitazama vile vipande. Mtoto wa miaka mitano, hanyamazi kutwa kama ndege, anatafuna penseli za baba yake mpaka anapigiwa kelele. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka wiki ile ile. Alikuwa anataka meza yake mwenyewe, ya kimo chake. Baba akampimia, akachora mistari minne. Akamwambia, kaa hapo, naenda kuchukua msumeno. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Baba aliporudi na msumeno zilikuwa zimelala chini, na karakana nzima ilikuwa kimya.

"Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, huna hata meno. Tukahama. Baba yenu akasema asitajwe, akitajwa yeye atakufa. Nikakubali. Yeye akajifungia na kazi yake. Mimi nikajifungia na ulimi wangu." Akafuta uso kwa kanga. "Tangu siku ile hakuna aliyemwita. Hata chakula. Mtoto gani asiyeitwa chakula?"

Kwaaa.

Redio ya jirani iliendelea. Sote watano tulikuwa pale chumbani kwa Mama. Jua lilikuwa utosini. Sauti ilitoka stoo.

Wifi alinishika mkono, kucha zikaniingia. Kaka alitoa ufunguo, akaudondosha, akauokota. Kufuli lilikuwa limefungwa vile vile. Ndani, meza ilikuwa imesimama tena kwa miguu yake, ingawa Fundi aliiacha imepinduliwa. Imeinama upande mmoja. Ule mguu mmoja ulikuwa umekatwa juu ya mstari wa Baba, sawasawa na penseli. Na safari hii kipande hakikupotea. Kilikuwa katikati ya meza. Nikakigusa.

Kilikuwa bado cha moto.

"Leta msumeno," Fundi alimwambia kaka kwa upole, kama anavyomwambia anayejifunza. "Mitatu iliyobaki. Fuata mstari. Usiipime upya."

Kaka akakata. Nilimwona anakata huku machozi yanadondoka kwenye unga wa mbao, na kwa mara ya kwanza msumeno haukumpinga. Meza ikasimama. Wifi akaweka glasi ya maji. Ikatulia.

Miaka imepita tangu hapo, na watu wanaoisikia habari hii huniuliza kama haya ni kweli. Huwa nawapeleka waione meza. Ipo sebuleni, inchi ishirini, haijatikisika tena. Mama alirudi kunenepa, na wanawe kaka huchora juu yake. Penseli tunaweka kwenye kopo. Wao wote wana meno kamili. Lakini kila penseli mpya, ikilala hapo siku moja, kitako chake kinakuwa kimetafunwa, na katikati kuna pengo.

Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba Mama ametoka chumbani. Alishika bega la kaka, akateremka kidogo kidogo, magoti yakilia, mpaka akakaa mkekani mbele ya meza ile fupi. Wifi akapakua. Akaweka sahani tano.

"Sita," alisema Mama.

Wifi akaleta ya sita. Mama akaiweka upande uliokuwa wazi. Hakuna aliyeshika chakula. Mtaani redio ikazimwa. Mama alielekeza uso mlangoni, kwenye ua mtupu wenye jua, akavuta pumzi ndefu, akaita kwa sauti ya mama kijana ambayo sikuwahi kuisikia:

"Chiriku!"