Vidole vya Fundi Cherehani

Kila asubuhi fundi cherehani alilamba kidole, akagusa pasi. Ikilia chss, imepata moto. Siku hiyo ililia, lakini yeye hakuhisi kitu. Alishtuka aliposikia harufu. Kidole chake kilikuwa kinaungua.

"Nini kinaungua huko?" mumewe aliuliza kutoka jikoni.

"Kitambaa tu, baba watoto."

Alimdanganya. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi siku nyingi. Nyayo zilimchomachoma, ulimi ulimuuma, na uchovu haukumwisha hata akilala. Kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho. Wateja walianza kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomvunja moyo. Cherehani ndiyo iliyowalisha. Bila vidole, angekuwa nani?

Mambo yalianza vizuri, miaka kadhaa nyuma. Mumewe alipougua presha, daktari alimwambia apunguze chumvi na mafuta, ale mboga na matunda zaidi. Kwa hofu ya kufiwa, fundi akapitiliza. Nyama, samaki, mayai, maziwa, vyote alivipiga marufuku.

"Kisichoota hakiingii jikoni kwangu!"

"Haya, tutaota majani masikioni," mumewe alitania.

Lakini presha ilishuka na vitambi vikapungua. Miaka ikapita. Ganzi ilipoanza, fundi alijiongezea mboga za majani, akidhani ndiyo dawa.

Jioni moja nesi wa zahanati alikuja kujaribu sare yake nyeupe. Fundi alikuwa akiibana kwa pini. Ghafla nesi alimshika mkono.

"Fundi, unatoka damu! Huhisi?"

Pini ilikuwa imezama kidoleni. Fundi akaketi chini, akalia kwa sauti.

"Nimekwisha, sista. Mikono imekufa."

Nesi alimuuliza anakula nini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mboga, maharage na matunda ni chakula kizuri, msiviache," alisema. "Lakini mishipa ya fahamu inahitaji vitamini B12, na mimea haina ya kututosha. Iko kwenye mayai, maziwa, samaki na nyama. Mwili huwa na akiba yake, ndiyo maana ulikaa miaka bila kujua. Asiyetaka kabisa vyakula hivyo, ameze vidonge vya vitamini hiyo kama atakavyoelekezwa. Asingoje ganzi."

Kisha akamgeukia mume, aliyekuwa ametoka jikoni aliposikia kilio. "Na wewe, mzee, mbona huna ganzi?"

Mume aliinamisha kichwa. "Mimi… hula mayai kazini."

"Miaka yote hii!" fundi alisema. Hakuwa na nguvu hata ya kugomba.

Zahanati walimpima damu. Vitamini hiyo ilikuwa chini mno, wakamwanzishia sindano.

"Vidole vitarudi?" aliuliza.

Nesi hakumficha. "Vingine huenda visirudi. Umechelewa, dada."

Nyumbani, maharage na mboga vilibaki mezani. Mayai na maziwa vilirudi pembeni yake. Mume sasa alikula mayai yake hadharani. Uchovu ulimtoka fundi polepole, ulimi ukapona. Vidole vilibaki na ganzi, naye alikaribia kuiuza cherehani.

Asubuhi moja, akishona, sindano ilimchoma dole gumba la kulia.

"Uwiii!"

Mumewe alikuja mbio. Alimkuta akicheka huku machozi yakimtoka. "Imeniuma, baba watoto! Imeniuma!"

Kisha akajidunga mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole. Hakuhisi kitu.

Mumewe aliichukua ile sindano, akamtungia uzi.