Shahidi Aliyetaka Kula Osaka Kwanza

Risasi ya kwanza ilitoboa kofia ya Mzee Kadowaki.

Ya pili ilipasua chupa ya bia.

Ya tatu haikutoka. Chinatsu Tsukumo, jasusi wa Serikali, alikuwa amekwisha kumchoma mpigaji shingoni kwa kijiti cha mshikaki. Jamaa alianguka mlangoni pa mkahawa, chini ya mnara wa Tsutenkaku, akitapatapa kama kuku wa sikukuu.

"Twende, mzee."

"Sijamaliza."

"Mtu amekufa!"

"Yeye kamaliza. Mimi nimebakiza mshikaki wa kamba."

Kwa miaka mingi Kadowaki aliwasaidia mabwana wa bandari kuingiza bunduki za magendo. Alasiri hii angewataja mahakamani. Angekufa, wangebaki huru wakicheka. Lakini alitoa sharti, na Taifa likalikubali kwa uchungu: kwanza azungushwe Osaka na kushibishwa. Baada ya ushahidi angefichwa kaskazini kwenye theluji, ambako, kwa maelezo yake, watu hawajui kupika.

Ngome ya kale ya Osaka waliitazama wakiwa wamelala kifudifudi, risasi zikimegua mawe. Katika soko la Kuromon mzee alikula chaza wa kuchoma, huku Chinatsu akivunja mkono wa muuaji mwingine juu ya barafu ya samaki.

Redio ilikoroma sikioni.

"Kunguru, hapa Kiota. Amebaki mmoja. Kaingia leo kutoka Tokyo. Sura yake hatuna."

"Yuko wapi?"

"Mtaa wa Dotonbori. Foleni ya mipira ya pweza, ile ya unga wa kukaanga."

Chinatsu alimgeukia mzee. "Pweza tunaruka."

"Basi na mahakama naruka."

Walikwenda.

Foleni ilifika hadi darajani. Makarani, wanafunzi, kina mama wenye blauzi za madoa ya chui. Na muuaji mmoja. Bastola ya Chinatsu, Glock, ilikuwa tupu. Saa yake ya Seiko, iliyofungwa mtambo wa kunusa silaha, ilimlilia kila mtu, na ikamlilia kwa bidii zaidi kaa mkubwa wa bati, tangazo la mkahawa, aliyechezesha miguu ukutani.

Hapo Chinatsu alifanya jambo lisilofundishwa katika chuo chochote cha ujasusi.

Alinyoosha kidole.

"Pa!"

Foleni nzima ikafa.

Karani alipiga magoti akishika moyo. Askari wa trafiki alijilaza juu ya baiskeli yake. Mama wa chui alianguka taratibu, kwa heshima zote. "Uuwi, nakufa! Mwambieni mume wangu wali uko jikoni!"

Mtu wa Osaka akipigwa risasi ya kidole, lazima afe, na afe vizuri. Kutokufa ni kukosa malezi.

Mmoja alibaki wima. Koti la kijivu, uso mkavu, akiwatazama maiti kama mwanafunzi mgeni asiyejua wimbo wa shule.

"We kijana, kufa!" mama alimfokea kutoka chini. "Una nini?"

Mkono wa kijana ukaingia kotini.

Chinatsu alikuwa ameshafika kwenye jiko la muuza pweza. Aling'oa kikaango cha chuma na kummwagia mafuta yanayochemka usoni. Kijana alipiga mayowe, akafyatua. Risasi ikachana bega la Chinatsu. Hakusimama. Alimzamishia sindano ya kugeuzia pweza kwenye kifundo cha mkono, akamvunja goti kwa teke, akamburura hadi kwenye ukingo wa daraja na kumsukuma. Kichwa kilikutana na saruji kabla ya maji.

Mfereji ukawa mwekundu.

Maiti waliketi, wakachungulia.

"Loo," alisema mama wa chui kwa shingo upande. "Huyu katushinda wote."

Mzee Kadowaki, aliyekwisha kuruka maiti na kujihudumia kibandani, alipuliza mpira wake wa mwisho, akaumeza, akafuta mdomo.

"Nimeshiba, dada. Nipeleke kwa hakimu."

Alitaja majina yote. Kabla jua halijazama, mabwana wa bandari walikuwa na pingu, na mzee alikuwa kwenye treni ya kaskazini akinung'unika.

Waziri alitaka kumpa Chinatsu mkono.

Hakumkuta. Alikuwa ameshuka ngazi za mahakama, bega limefungwa kwa skafu, akaingia mkahawa wa kona na kuagiza chapati ya kabichi yenye mayai mawili.

"Peke yako, dada?" aliuliza mpishi.

"Peke yangu," alisema Chinatsu. "Asante Mungu."