Chai Iliyolala Upande

Ilianza na chai. Otilia aliiweka mezani, akakaa, akaiona imelala upande mmoja ndani ya kikombe kama vile nyumba nzima imeinama. Akakizungusha kikombe. Chai ikabaki kulekule, upande wa dirisha.

"Nicolaus, hebu tazama hii."

Mumewe akamaliza kwanza mambo ya simu yake, ndiyo akatazama. Akasema jengo la zamani hili, hapa Parkdale, Toronto, majengo yote yamechoka, amwambie mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaleta fundi, fundi akapima sakafu, akasema iko sawa kabisa, akaondoka zake. Na vitunguu vinabiringika vyenyewe kutoka jikoni mpaka mlangoni, halafu vinarudi!

Otilia akachoka. Anapiga deki mpaka mgongo unamuuma, akirudi kutoka kazini anakuta sakafu imelowa tena, nyumba inanuka magamba ya samaki. Siku moja akayaonja yale maji kwa ncha ya kidole. Chumvi. Na ziwa la Toronto, jamani, halina chumvi.

Kazini nako ni hivyohivyo. Alikuwa akifanya kazi kule Don Mills ofisini kwa Alistair, Mgoa wa Nairobi, wanauza safari za mashua za tanga huko Ugiriki. Watu wanakodi mashua pamoja na nahodha wake, wanalala humohumo, leo kisiwa hiki, kesho kile. Kiangazi hicho Alistair alimpeleka Otilia naye akaonje, asiwe anawasimulia wateja vitu vya kubuni. Tangu arudi, wateja wanamkatia simu. Wanasema wanasikia mawimbi nyuma ya sauti yake.

"Otilia," Alistair akamuuliza, "siku hizi unauza safari ukiwa bafuni?"

Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu kuna Gina, binti yake. Gina anasikia Kiswahili chote, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Otilia alishamfundisha mpaka koo likakauka: mgeni akija, sema karibu; akiondoka, sema karibu tena. Wageni wakija, mtoto anawatazama tu kama sanamu. Aibu gani hiyo?

Basi asubuhi moja Gina akaamka nywele zinachuruzika maji. Akakohoa, yakamtoka maji ya chumvi. Mama yake akamuuliza nini hiki, naye akasema kwa Kiingereza chake, bila hofu yoyote, kwamba kuna anko anakaa kwenye bafu, ana mashua, na wakishazoeana vizuri atamchukua wakaishi huko chini.

Hapo hata Nicolaus akaweka simu chini.

Wakamwita Bi Zahraa, mama wa Lamu anayekaa ghorofa ya chini yao, ambaye watu humwendea kwa mambo kama haya. Akaja na ubani wake mchana kweupe. Alipofika mlangoni tu akasimama, akanusa.

"Mwanangu, huyu ulimkaribisha wapi?"

Otilia akataka kukataa, mara akakumbuka: kweli, siku moja kule Ugiriki mashua ilikuwa imetia nanga, wenzake wote wako majini wanaogelea upande wa pili, yeye yuko chini peke yake anakaanga mayai, akasikia ngo, ngo, ngo kwenye mbao chini ya miguu yake, polepole, kama mtu mwenye adabu aliyefika mlangoni, na yeye, mikono ina mafuta, bila kugeuka wala kuuliza ni nani, akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote: karibu, karibu ndani. Nahodha akachungulia kumuuliza anaongea na nani. Alipoambiwa, akawaita waogeleaji wapande haraka, akang'oa nanga.

"Basi huyo si mwizi," Bi Zahraa akanong'ona. "Ni mgeni wako. Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa."

Akapika wali usiotiwa chumvi, akauweka bafuni, akafunga mlango. Walisikia mtu anakula. Kisha akamvuta Otilia pembeni jikoni.

"Tutampeleka ziwani, na mtoto aje, maana ndiye aliyeshikwa naye. Ukifika, mwambie kwaheri, basi. Karibu tena isikutoke. Ulimi wako nimeshaujua."

"Haitatoka, Bi Zahraa."

"Na mtoto?"

"Huyo?" Otilia akasonya. "Kiswahili hakijawahi kumtoka huyo."

Wakatoka, Bi Zahraa mbele na ubani, na watu barabarani wakawapisha bila kujua wanapisha nini, maana nyuma yao nyayo zilikuwa zikijichora zenyewe kwenye lami kavu, kubwa, zimelowa, na kila walipoongeza mwendo nazo zikaongeza, hadi wakafika kwenye gati la mbao, nyayo zikawapita, zikaenda mpaka ukingoni, zikakoma. Maji yakajikunja mara moja, yakatulia. Ile harufu ikakatika.

"Kwaheri," Otilia akasema, akauma midomo yake.

Nicolaus akashusha pumzi. Bi Zahraa akageuka waondoke.

Gina akainua mkono akalipungia ziwa.

"Karibu tena," akasema, kwa Kiswahili safi, akamtazama mama yake akisubiri asifiwe.

Chini ya mbao walizosimamia, pakagongwa. Polepole, kwa adabu.