Kabati la Kifaransa la Arbia

Kabati ndilo lililoanza kunuka: wino wa makaa, mbichi kabisa, kama wa chuo cha Korani asubuhi. Na kabati lenyewe halikuwa na kitabu hata kimoja!

Siku hizi matajiri wa mifugo wa Garissa wanaringishiana makabati ya vitabu ya Kifaransa, yenye maua ya kuchonga na miguu ya simba. Ndani wanapanga chupa za chai na vikombe vya wageni. Bishar naye alimletea mkewe Arbia la kwake, la zamani, ili apate kusahau msiba. Arbia akaweka kitu kimoja tu na kufunga kwa ufunguo: loox, ubao wa Korani wa binti yao Ilwad, aliyefariki kwa homa akiwa amefika herufi ya ra. Hakuuosha. Angewezaje kufuta mwandiko wa mwanawe?

Harufu ikafuatwa na sauti. Kila siku baada ya alasiri Ilwad alisoma humo ndani, alif, ba, ta, akifika ra akanyamaza. Arbia hakumwambia mtu. Alikaa mkekani na mdogo wake Ilwad, Nasteha wa miezi saba, wakasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akala akashiba.

Mpaka juzi sauti iliposema, "Zay."

Ilwad hakufundishwa zay, herufi inayofuata ra.

Kwa hofu Arbia akamwita Sheekh Nunow, mwalimu wa chuo, naye alikuja na beseni la maji. "Abaayo, dada yangu, loox huoshwa," alinong'ona. "Wewe umemfungia jini mwenye kabati hili pamoja na maandishi ya mtoto, naye amejifunza. Osha, maji umwage pasipokanyagwa. Atatoka." Akasimama mlangoni, akawapa kisogo, akaanza kusoma dua.

Arbia akauinamisha ubao juu ya maji, na harufu ya wino ikajaa chumba mpaka kooni, na kutoka kwenye rafu tupu sauti ikaanza upya, polepole, alif, ba, ta, ikaenda hadi ra, ikanyamaza palepale pa zamani, ikakohoa kile kikohozi cha homa alichokisikia usiku wa mwisho, kisha ikamwita.

"Hooyo, mama yangu, usinifute."

Alijua si Ilwad. Alijua! Akachovya vidole majini ili Sheekh asikie maji yakilia, akarudisha ubao mkavu na kugeuza ufunguo.

"Ametoka?" aliuliza Sheekh.

"Ametoka," alijibu Arbia, machozi yakimtiririka.

Nyuma yake mkekani, Nasteha, ambaye hajawahi kutamka neno, akacheka.

"Zay," alisema.