Feni Iliyogeuzwa

"Sangara, unanipata?"

"Nakupata."

"Boti inang'oa nanga saa sita. Bunduki mia mbili. Tupe jina lake."

Muganyizi, aliyeitwa Sangara redioni tu, akazima redio yake ya Motorola, akaisukumia chini ya bisibisi mkobani. Saa tano kasoro kumi. Boti arobaini zilikuwa ufukweni Mwanza asubuhi hiyo, na jina la ile moja lilikuwa ndani ya kompyuta iliyo mbele yake.

Nayo kompyuta imegoma.

Ukiiwasha inakwenda dakika tatu, kisha inaganda. Mara nne sasa. Shimba, mwenye ofisi hii ya minofu ya samaki, alikuwa Magu na angerudi wakati wowote. Hapa Muganyizi anaitwa Nestory, fundi kompyuta, na bastola yake ya Browning iko chini ya shati.

"Fundi, imekushinda?" Justa, karani, aliuliza akirudi kutoka nje na kitambaa anachokidarizi.

"Bado, dada. Hebu nipe uzi."

Justa akakata uzi mwekundu kwa meno. Muganyizi akafungua kifuniko, akauning'iniza juu ya feni ya prosesa. Feni ilizunguka vizuri tu, na hilo ndilo lililomdanganya mara zote nne.

Uzi ukapaa.

Upepo ulikuwa unapanda badala ya kushuka.

"Nani kaigeuza hii?"

"Bosi mwenyewe. Wale wadudu wa ziwani walipojaa humu, akasema feni inawapulizia ndani. Akaigeuza iwatoe."

Ujanja mwingi, mbele kiza. Feni iliwavuta wadudu, wakanasa kwenye vibati vya kupozea, hewa ikakosa pa kupita na prosesa ikawa inachemka.

Justa akaenda kubandika chai. Skrubu nne. Muganyizi akasugua vibati kwa mswaki, akarudisha feni ikiangalia chini, akawasha. Safari hii uzi ukainamia feni.

Dakika tatu zikapita. Tano. Faili likafunguka. Akaiwasha Motorola.

"Kambi, boti ni Eugenia. Mzigo uko chini ya barafu."

"Tumekupata."

Nje, Land Cruiser ikafunga breki. Shimba akaingia akihema.

"Imepona?"

"Imepona, mzee. Ila feni usiiguse tena."

Akafunga mkoba. Justa alimkuta mlangoni, kikombe mkononi.

"Fundi Nestory, hata chai hunywi? Basi Jumapili uje nyumbani, Mkolani. Mama atapika sato."

"Nitakuja," alisema, na uongo huo ukamuuma kuliko wote aliowahi kusema kazini. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyemkaribisha mezani kwake.

Saa sita kasoro tano Eugenia ilizingirwa kabla haijafungua kamba. Muganyizi alipishana na askari wakimfuata Shimba ofisini. Hakugeuka. Alitembea taratibu hadi stendi ya Buzuruga, uzi mwekundu ameuzungushia kidoleni.

Motorola ikakoroma.

"Safi sana, Sangara. Kesho uko Kigoma, jina jipya."

"Sawa."

Akapanda basi, akakaa dirishani. Jumapili sahani ya Nestory ingewekwa mezani Mkolani, na mtu angechungulia njiani kumtazamia. Muganyizi hakualikwa popote.