Maua ya Mtu Aliye Hai

Jumamosi asubuhi soko la Rákóczi hujaa mpaka pa kukanyaga hapapatikani, na ndiyo siku aliyochagua Rodel Magbanua kwenda kununua kabichi ya kuchachua kwa Kihungari chake cha miezi minne.

"We, nipe ile!" alimwambia Bibi Irén, muuza achari, akitabasamu kwa meno yote.

Bibi Irén akaweka mwiko chini. Alikuwa na miaka sabini na ushei, kitambaa chekundu kichwani, na ulimi ambao soko zima liliuogopa.

"We? We nani? Kwani mimi na wewe tulichunga nguruwe pamoja?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Rodel hakuelewa habari za nguruwe, lakini kicheko alikielewa, na masikio yakamwaka moto.

"Msamehe, Bibi Irén," ikasema sauti nyuma yake. "Lugha kaokota jikoni kwa wenzake, hajui."

Aligeuka akamwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti la kijani, skafu ya manjano, nywele za rangi ya shaba zimebanwa kwa penseli. Macho yake yalikuwa yanacheka ingawa mdomo ulijikaza.

"Basi mfundishe wewe, Emőke, si ndiyo kazi yako?" Bibi Irén akajibu. Akampimia Rodel kabichi, akamwongezea na tango moja la bure.

Nje ya soko walisimama wakila mkate wa kukaanga uliopakwa maziwa mgando na jibini. Rodel alitoka Iloilo, Ufilipino, na alikuwa mpishi wa keki katika hoteli moja ya Budapest. Emőke alikuwa mwalimu wa Kihungari kwa wageni.

"Nilikosa nini pale?" Rodel aliuliza.

"Sisi tuna 'wewe' mbili, bwana. Moja ya nyumbani, ya watoto, ya wapenzi, hata ya Mungu. Nyingine ya watu baki na wakubwa. Umemwita bibi wa watu kama unamwita paka."

"Na mimi nikuite kwa ipi?"

"Ya watu baki. Mpaka nikupe ruhusa. Kwetu mwanamke ndiye anayetoa."

"Utanipa lini?"

"Una haraka ya nini?"

"Sina haraka, Mwalimu. Ila una maziwa puani."

Jumatatu iliyofuata Rodel alikuwa amekaa kiti cha mbele katika darasa la jioni la Emőke. Wiki ya tatu, kwenye tramu, Emőke alimpa ile ruhusa, na kabla hawajashuka Rodel alikuwa ameitumia mara arobaini. Simu zikaanza.

"Unafanya nini, hazina yangu?"

"Nasahihisha madaftari. Lako limejaa siagi."

"Hiyo si siagi, ni mapenzi. Halafu niambie, kwa nini kila neno lenu la mahaba lina 'yangu' mkiani? Hazina yangu, uhai wangu, ghali wangu. Hamwezi kumpenda mtu bila kummiliki?"

"Hatuwezi. Kitu kisicho na mwenyewe sisi hatukijui."

Aliposema hivyo Emőke alicheka, lakini kicheko kilimkwama. Kulikuwa na kitu chake mwenyewe alichokikana, na kitu hicho kilikuwa mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Dezső, baba yake, alifanya kazi miaka thelathini na nane katika kiwanda cha mabasi, akichora vipuri kwa penseli. Kiwanda kilipofungwa alihangaika huku na huko, na mwezi wa Septemba akapata kazi ya kufagia na kupiga deki katika chuo kilekile alichofundisha binti yake. Alikuja kumweleza kwa furaha, kofia mkononi.

"Tutakuwa tunapanda tramu pamoja, mwanangu."

"Sawa, Baba," Emőke alisema. "Ila pale kazini tusichanganye mambo."

Mzee hakuuliza mambo gani. Kesho yake, walipopishana kwenye ujia, yeye na ndoo mkononi, walimu wengine wakipita na mabegi yao, alimwinamia kidogo akasema, "Jioni njema, Mwalimu," kwa ile "wewe" ya watu baki. Naye binti akaitikia vivyo hivyo. Aliona aibu, tena sana, lakini aliona nafuu pia, na hiyo nafuu ndiyo iliyokuja kumponza.

Kwani Oktoba wakafika kwenye somo la "yangu" na "yako". Darasani walikuwemo daktari mmoja, mhandisi, na wake wawili wa mabalozi waliovaa lulu hata siku ya mvua. Kila mtu akataja wake: mama yangu, kaka yako, mbwa wao.

"Baba yangu anaendesha pikipiki ya magurudumu matatu," alisema Rodel kwa fahari. "Mwalimu, na baba yako?"

Mlango ulikuwa wazi. Deki ilikuwa inasikika ujiani, ikienda na kurudi. Mke wa balozi mmoja alikuwa amemkazia macho.

"Baba yangu alikuwa mhandisi," Emőke akasema. "Amefariki."

Rodel akaweka mkono kifuani. Darasa zima likatoa pole. Emőke akageukia ubao akaandika neno jingine, na chaki ikamkatikia mkononi. Ewe mwanamke, mtu mzima na elimu yako! Unamzika mzee wa watu kwa sababu ya lulu za shingo za wenzako?

Jumapili alikwenda kwa baba yake kula supu kama kawaida. Mzee alimpa kidari cha kuku, akamfungia na chupa mbili za jamu ya aprikoti aliyoipika mwenyewe. Hakusema lolote. Emőke akajiambia kwamba hakusikia, akashikilia hapo.

Wakati huo Rodel alikuwa amepata rafiki mpya. "Yule Mzee Dezső mfagiaji ni mwalimu kukushinda," alimtania kwenye simu. "Nafika mapema, tunakaa kwenye ngazi, ananisahihisha. Wala haniulizi vitu vingi. Ananiuliza habari zako tu."

"Anauliza nini?" Emőke alikaa kitandani wima.

"Kama unakula vizuri. Wazee bwana! Sasa sikiliza, mpenzi. Siku ya Watakatifu Wote inakuja, na kila Mhungari anakwenda makaburini. Nataka twende kwa baba yako. Nina jambo la kumwambia."

"Marehemu utamwambia nini?"

"Hilo ni baina yangu na yeye."

Emőke akasingizia mafua.

Alhamisi, kabla ya kipindi, Rodel alimngoja mlangoni na chungu cha krisanthemumu nyeupe, maua ya makaburini. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi hasa na viatu vinavyong'aa.

"Kama huwezi kunichukua, peleka haya. Na kadi iko ndani."

Emőke akaifungua. *Kwa baba yako mpendwa, ambaye sikubahatika kumjua. Asante kwa kumlea.* Herufi zilisimama wima, nyembamba, zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Mwandiko huo aliuona kila asubuhi kwenye vibandiko vya chupa za jamu ya baba yake.

"Nani kaandika?"

"Mwenyewe! Ila nilikosea miisho yote ya maneno, ikasomeka kama baba ni wangu. Mzee Dezső akasema si adabu kumpelekea marehemu kadi iliyochafuka, akainakili upya. Mwandiko mzuri, eh? Halafu akaniuliza, unampenda kweli huyu binti? Nikamwambia... Emőke? Unakwenda wapi?"

Alikwisha shuka ngazi, chungu kifuani, bila koti. Kipindi hakikufundishwa siku hiyo. Rodel alipiga simu mara kumi na moja, nayo ikaita mara kumi na moja. Alirudi hotelini akiwa na hakika kwamba kuna mwanamume mwingine.

Siku ya Watakatifu Wote Emőke alimkuta baba yake kwenye kaburi la mkewe, mama yake Emőke, amepiga magoti juu ya gazeti, anasugua jiwe kwa brashi. Makaburi yote yalijaa watu na mishumaa.

"Baba. Ile kadi."

Mzee akaendelea kusugua. "Mtoto wa watu alikuja na karatasi imejaa makosa. Ningemwacha akupe vile? Ungemcheka."

"Ulijua ni ya nani?"

"Nilikuwa nje ya mlango siku ile, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niingie na ndoo, nitangaze nimefufuka?" Akajaribu kucheka. "Kosa langu. Nilikuja pale bila kukuuliza kwanza. Nimeshaongea na ofisi, kuanzia Desemba wananihamishia jengo jingine. Usilie. Kijana ni mzuri yule."

Emőke alilia kwa sauti mpaka familia za makaburi jirani zikageuka. Hakuna tusi ambalo lingemuumiza kama kule kuombwa radhi na baba yake. Akampigia Rodel pale pale.

"Hazina yangu! Nimekukosea nini?"

"Rodel, baba yangu yu hai. Ni Mzee Dezső."

"Mzee Dezső wa ngazini?"

"Nilimwonea aibu. Nikadanganya."

"Nimemshikisha mtu kalamu aandike kadi ya kaburi lake," Rodel alisema polepole. "Na akaandika. Akanishukuru."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Ahsante kwa kunifahamisha, Mwalimu."

Aliyasema kwa ile "wewe" ya watu baki, na safari hii hakukosea hata silabi moja. Akakata.

Jumatatu Rodel alikuja darasani, lakini alikaa kiti cha nyuma kabisa. Alimsalimu kama anayesalimu karani wa posta. Emőke hakufungua kitabu. Alikwenda mlangoni akaufungua wote.

Mwisho wa ujia, mzee mwenye koti la bluu la kazi alikuwa anakamua deki.

"Baba!"

Mzee Dezső akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu.

"Unaniita mimi, Mwalimu?"

"Nakuita wewe, Baba. Njoo."

"Sakafu mbichi, nitaweka alama."

"Weka."

Akaja kwa ncha za viatu, akifuta mikono kwenye koti. Emőke akamshika mkono, akamwingiza darasani. Uso ulikuwa unamuungua mpaka shingoni, na sauti ilitoka kama si yake.

"Niliwaambia baba yangu amefariki. Nilisema uongo, kwa sababu anasafisha mahali ninapofundisha. Huyu hapa. Anaitwa Dezső."

Daktari aliinamisha kichwa. Mke wa balozi alijishika lulu zake asijue pa kutazama. Hakuna aliyemwokoa Emőke kwa neno lolote, naye hakustahili kuokolewa.

Kiti cha nyuma kikasogea. Rodel alipita katikati ya madawati, akaushika mkono wa mzee uliokuwa bado na maji ya deki, akaugusisha kwenye paji la uso wake kama wafanyavyo kwao kumpa mzee heshima. Kisha akamgeukia Emőke.

"Sijaacha kukasirika," alisema. Lakini alisema kwa ile "wewe" yao, ya tramu na ya simu. "Na wewe lete kiti kingine, baba yako amesimama."

Emőke akaburuta kiti chake mwenyewe kutoka nyuma ya meza ya mwalimu, machozi yakimdondoka kwenye vidole. Mzee Dezső akakaa ukingoni, magoti pamoja, kofia mapajani. Alitazama ubao, akawatazama wanafunzi, kisha akamtazama binti yake na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kukaa mpaka mwisho wa somo.