Soli Iliyoachama

Muuza mkaa alidai aliona kwa macho yake. Shemeji yake alikuwa mzima wa afya, akachomwa sindano ya kupima uvimbe, na kabla ya mwezi kwisha uvimbe umetapakaa mwili mzima. "Shoga, ukiguswa tu umekwisha," alimwambia jirani yake, fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa na kivimbe titini, kama punje ya hindi. Miezi mitatu alikinyamazia kwa sababu hakikuuma. Mumewe naye alisema, "Tusikichokoze. Pengine kitaondoka chenyewe."

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati alileta kiatu chenye soli iliyoachama. Fundi akakigeuza, akaguna. "Umekitembelea hivi wiki ngapi, dada? Mchanga umeshaingia."

"Hakikuniumiza, nikakiacha."

Fundi akacheka. Mara kicheko kikamkauka. Akamweleza yote, kivimbe chake na ile sindano ya shemeji wa muuza mkaa.

Muuguzi aliweka kidole pale palipobanduka. "Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli hushikana kwa protini, kama soli na gundi. Seli ya saratani inaweza kupoteza gundi yake, ikabanduka, ikazurura mwilini. Haingoji sindano."

"Na askari wa mwili je? Wamelala?"

"Hawajalala. Nao ni seli, wana protini zao za kunatia. Hunata kwa adui ndipo wamuue. Saratani nyingine hujifanya telezi, wakakosa pa kushika. Sindano inachukua kipande kidogo tu, tujue ni nini. Vivimbe vingi si saratani. Ila bila kupima, hujui."

Jioni mumewe akarudia lile lile la kungoja. Fundi akamtazama.

"Mimi si kiatu, baba watoto, niachwe kibandani hadi mwenyewe akumbuke. Kesho nakwenda. Ukitaka kunisindikiza, vaa viatu."

Alivaa.

Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijatoka titini. Fundi alipasuliwa, akapewa dawa, nywele zikamtoka, zikaota tena. Huu mwaka wa pili anagonga misumari yake, na kila akipimwa majibu ni mazuri.

Juzi alimkuta muuza mkaa akimsimulia mteja habari za shemeji. Akamsubiri amalize.

"Shoga, huyo shemeji alikaa na uvimbe muda gani kabla ya sindano?"

"Miaka miwili. Alikuwa anauficha."

"Basi nakuomba. Ukisimulia tena, anzia hapo."

Muuza mkaa aliinama, akaendelea kujaza kopo la mkaa.